Somo: Daftari la nyanya liliandikwa Mombasa, jiko lako liko Nairobi

Wengi wetu tuna daftari la mapishi la aina hii nyumbani, la nyanya, yaani bibi yetu. Kurasa zimeshikana kwa samli, maandishi ya kalamu ya risasi yamefifia, na ndani mna kaimati, visheti, kashata na mkate wa mchele. Lilitoka Pwani na mizigo ya watu, sasa limo kabatini Nairobi, South C ama Pangani. Nataka tulitoe humo hadi sahanini. Jambo moja nalishikilia: nyanya hakuandika kila kitu. Aliandika alichohofia kukisahau. Kile ambacho mkono wake ulikijua hakukiandika, na hicho ndicho tunachokitafuta.

Kwanza, piga picha. Kabla ya kupika chochote. Liweke daftari karibu na dirisha, bila fleshi. Penye risasi iliyofifia, punguza mwanga chumbani, kisha mulika tochi kutoka ubavuni, ikikaribia kulala juu ya karatasi; utaona alama za kalamu ilivyokandamiza. Usibandike selotepu, gundi yake hugeuka manjano na kuharibu karatasi. Wala usilipeleke likatiwe plastiki kwa moto, maana haitoki tena. Likae kwenye bahasha ya karatasi, pakavu, mbali na jikoni. Mende wanapenda sana karatasi yenye mafuta na sukari.

Pili, nakili neno kwa neno katika daftari jipya, hata pale unapodhani amekosea. Akisema "unga kiasi", andika "kiasi". Maoni yako yakae pembeni kwa wino wa rangi nyingine, ili wajukuu wako wajue lipi la nyanya na lipi lako.

Tatu, vipimo. Ratli moja ni kama gramu 450, wakia ni gramu 28 hivi. Pishi ni vibaba vinne, na kibaba cha mchele ni kama gramu 700. "Kikombe" ndicho kinachosumbua, kwa sababu alikuwa na kikombe chake. Kama kipo bado kwa shangazi au mamdogo, kijaze maji, uyamimine kwenye chombo chenye alama za mililita, tatizo limekwisha.

Nne, mwinuko. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kusema mapishi ya zamani hayafai. Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko takriban mita 1,700 juu yake. Maji huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kwa hiyo ukitumia kipimajoto kwenye shira, yaani sukari iliyochemshwa na maji, na maelezo yanataka nyuzi 110, toa 5 au 6, la sivyo itakuwa ngumu kama peremende. Mimi naona heri kipimo cha nyanya mwenyewe: chota tone, liache lipoe kidogo, libane kwa kidole gumba na cha shahada, kisha achanisha. Likivuta uzi usiokatika upesi, ondoa motoni.

Hamira nayo ina mambo yake. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo unga huumuka kwa wepesi na kuanguka kwa wepesi. Lakini baridi ya Julai huichelewesha hamira yenyewe. "Saa moja" ya nyanya ilikuwa saa moja ya joto la Mombasa. Angalia bakuli, achana na saa. Uso ukijaa mapovu na unga ukiwa umekaribia mara mbili, uko tayari.

Tano, jaribu kidogo. Kwa kaimati, anza na unga gramu 250, hamira kijiko kimoja cha chai, chumvi chembe, na tui vuguvugu ukiongeza polepole hadi unga uchoteke kwa mkono na udondoke kwa uzito. Upige kwa kiganja, ukiukunja na kuuachia, mpaka uwe laini na uanze kuvutika. Kupiga huku karibu hakuandikwi popote. Ukiumuka, choma kwenye mafuta kwa moto wa wastani. Mafuta yakiwa makali, kaimati hukolea rangi nje na ndani hubaki mbichi, na huku kwetu hilo hutokea upesi zaidi. Mara ya kwanza usibadilishe chochote: kama kaandika samli, tia samli. Ukishaijua ladha yake ndipo ufanye yako.

Maswali ya wanachama

*Dada, nyanya ameandika "iliki ya thumni". Ndiyo ngapi leo?*
Thumni ni senti 50, lakini bei haitakusaidia. Anza na punje sita kwa nusu kilo ya unga, utwange mwenyewe, kisha mwite mtu aliyekula mkono wake aonje.

*Letu limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nifanyeje?*
Mpelekee mzee wa Pwani au mwalimu wa madrasa anayejua Kiswahili vizuri. Awe ni mtu anayepika, au akae na anayepika, kwa kuwa "p" na "b" mara nyingi huandikwa kwa herufi moja, na msomaji hulazimika kukisia kwa maana.

*Mkate wa mchele unataka moto juu na chini. Nina gesi tu.*
Pasha sufuria nzito yenye samli ndipo umimine. Vitobo vikijitokeza juu na kingo zikishika, ihamishie kwenye oveni, moto utokee juu. Ukitaka makaa juu ya kifuniko, pikia nje. Makaa yasiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa yake huua.

*Nyanya yangu yuko hai, alhamdulillahi, lakini nikimuuliza vipimo ananiambia "utaona mwenyewe".*
Una bahati, mwenzangu. Usimuulize tena, nenda ukapike naye. Pima pakiti ya unga, ya sukari na kopo la samli kabla hajaanza, upime tena akimaliza. Tofauti ndiyo kipimo chake. Omba ruhusa uirekodi mikono yake kwa simu, hasa anapopiga unga.