Namna ya kusoma joto na mgandamizo ndani ya jiwe la Uluguru

Milima ya Uluguru, Pare na Usambara imo ndani ya ukanda mmoja wa kale uitwao Ukanda wa Msumbiji. Kiasi cha miaka milioni 640 iliyopita, miamba unayoikanyaga leo ukipanda kutoka Morogoro mjini ilikuwa kilomita 30 na zaidi chini ya ardhi, kwenye joto la nyuzi 800 za Selsiasi hivi. Namba za namna hiyo zinapatikanaje? Kupata namba yenyewe si shida: programu ya kompyuta itakupa jibu kwa jiwe lolote. Shida ni kujua kama jibu hilo ni la kuaminika, na hilo linaamuliwa kwa macho kabla ya hesabu.

Hatua ya 1: Chagua jiwe

Uluguru kuna mvua nyingi, na mwamba wa kando ya njia mara nyingi umeshaoza ukawa udongo mwekundu. Shuka mtoni, au tafuta machimbo ya kokoto, kisha vunja kwa nyundo mpaka uone uso mbichi. Unatafuta garneti, zile punje nyekundu za mviringo, zikiwa pamoja na madini ya plajioklezi na kwatzi, na angalau mojawapo ya madini haya: pairoksini, bayotaiti au kayanaiti. Garneti peke yake, hata ing'ae namna gani, haitakusaidia. Kinachopimwa ni namna madini yalivyogawana elementi, kwa hiyo lazima wagawanaji wote wawepo.

Hatua ya 2: Soma kipande chembamba

Jiwe linakatwa na kusagwa hadi unene wa mikroni 30, mwanga upite, kisha linawekwa chini ya hadubini. Hapa tulia. Wanafunzi wengi wanapita haraka ili wafike maabara, na ndipo kazi nzima inapoharibika.

Swali la kwanza: madini gani yalikaa pamoja kwa amani? Punje zinazogusana kwa mipaka iliyonyooka, zisizo na dalili ya kulana, zinaelekea kuwa zilikua kwa wakati mmoja. Hizo ndizo utakazozipima kama kundi.

Swali la pili: nani alikuja baadaye? Katika granulaiti (miamba iliyobadilishwa na joto kali huko chini) za mashariki mwa Tanzania utakutana na kitu kizuri sana. Punje ya othopairoksini, aina moja ya pairoksini, imekaa jirani na plajioklezi, na katikati yao, mahali pa kugusana, umeota ukanda mwembamba wa garneti, wakati mwingine ukiwa na klinopairoksini (aina nyingine ya pairoksini) na kwatzi. Ukanda huo ni mabaki ya mmenyuko: othopairoksini na plajioklezi vilianza kulana jiwe lilipokuwa linapoa likiwa bado kwenye kina kilekile. Kama jiwe lingepanda juu haraka likiwa bado la moto, kwa kawaida ungeona kinyume chake, yaani garneti inayomomonyoka pembeni na kuzungukwa na plajioklezi na othopairoksini iliyosokotana kama vidole. Picha mbili tofauti, historia mbili tofauti za mlima, na hujapima kitu bado.

Hatua ya 3: Pima

Peleka kipande kwenye mashine ya kuchambua kwa mwali wa elektroni. Pima garneti kwa mstari, kutoka kiini hadi ukingoni, si nukta moja tu. Pima pia majirani zake, wanaoigusa na wasioigusa.

Hatua ya 4: Tafuta joto

Garneti na bayotaiti, au garneti na pairoksini, hubadilishana chuma na magnesiamu. Joto likipanda, mgawanyo wao unakaribia usawa. Likishuka, garneti hushika chuma zaidi. Kanuni ya garneti na bayotaiti iliyotolewa na Ferry na Spear mwaka 1978 bado inafundishwa.

Mtego uko hapa. Kwenye joto la nyuzi 800, ubadilishanaji hausimami siku jiwe linapoanza kupoa. Unaendelea kwa muda mrefu, hasa pale punje zinapogusana. Ukipima ukingo wa garneti na bayotaiti iliyoshikamana nayo, waweza kupata nyuzi 600 na kitu, ukadhani ndilo joto la juu kabisa. Hilo ni joto ambalo mlango ulifungwa, yaani ubadilishanaji uliposimama. Tumia kiini cha garneti na bayotaiti iliyo mbali nayo. Bora zaidi, angalia alumini iliyomo ndani ya othopairoksini, kwa sababu alumini husogea taratibu na hukumbuka joto la juu vizuri kuliko chuma.

Hatua ya 5: Tafuta mgandamizo

Kwa jiwe lenye garneti, kayanaiti, plajioklezi na kwatzi, fuata kalsiamu. Mgandamizo ukizidi, kalsiamu huhama kutoka plajioklezi na kuingia garneti, kwa kuwa garneti hujibana zaidi. Hesabu hiyo inakupa mstari kwenye mchoro wa joto na mgandamizo. Mstari wa joto ukiukata, ndipo jiwe lilipokuwa. Kila kilobari moja (kipimo cha mgandamizo) ni kama kilomita 3.5 za kina.

Kagua haraka: kama jiwe lina silimanaiti safi (madini yenye elementi zilezile za kayanaiti, ila hukua kwenye hali tofauti ya joto na mgandamizo) na hesabu inakuweka ndani kabisa ya eneo la kayanaiti, hesabu ndiyo yenye kasoro.

Hatua ya 6: Chora njia

Granulaiti za ukanda huu zimetoa takriban kilobari 9.5 hadi 11. Unganisha nukta hiyo na ule ukanda wa garneti wa hatua ya 2: mshale unalala karibu sambamba na mhimili wa joto, kwa maana ya kwamba jiwe lilipoa huko huko chini kabla ya kuinuliwa. Umri utaupata kwenye punje za madini ya zikoni au monazaiti, kwa kupima urani na risasi inayotokana nayo. Usichanganye na majirani: kilima cha Yalumba, katika Ukanda wa Usagara, kina eklojaiti (miamba ya mgandamizo mkubwa sana) za miaka karibu bilioni 2, zilizozama kina kikubwa zaidi.

Unapoandika ripoti, weka kwa mfano nyuzi 810, kujumlisha au kutoa 40. Programu ikikuonyesha 813.6, desimali hiyo haikutoka kwenye jiwe.