Namna ya Kulinda Vifaa vya Kazi Ndani ya Gari la Fundi

Fundi umeme au fundi bomba anayetoka Ngaramtoni asubuhi kwenda saiti ya Njiro, au anayeteremka kutoka Kibosho kuingia Moshi mjini, hubeba ndani ya Hiace au Kirikuu yake mali iliyomchukua miaka kuikusanya: drili, grainda, mashine ya kuchomelea, roli za waya na sanduku la spana. Gari likiibwa, lina namba za usajili, namba ya chesisi na kadi, hivyo kulitafuta kuna pa kuanzia. Drili haina kadi. Ikishafutwa vumbi na kuwekwa juu ya meza ya muuza vifaa vilivyotumika, haitofautiani na zilizo jirani yake. Ndiyo maana wezi wengi huliacha gari palepale na kuondoka na vilivyomo.

Jambo la kwanza, ambalo halina mbadala, ni kuhakikisha kwamba kila kifaa cha thamani kinachobebeka kinalala ndani ya nyumba. Najua linachosha, hasa siku ambayo umeshinda juu ya paa na mikono haina nguvu ya kubeba hata kikombe. Unaweza kulirahisisha kwa kupanga vifaa vyote vya bei kubwa, pamoja na betri na chaja zake, katika masanduku mawili yenye mishikio, ili kuvitoa kuwe ni safari moja ya kutoka uani hadi sebuleni. Ukiandika mlangoni kwamba gari halilali na vifaa, maandishi hayo yawe ya kweli, kwa kuwa anayepanga kukuibia huenda amekwisha kukuona ukishusha au usiposhusha. Vivyo hivyo, tangazo kubwa la kazi yako ubavuni mwa gari huleta wateja, lakini pia humweleza mpita njia kilichomo ndani; mimi nimechagua kubakiza jina na namba ya simu tu.

Mahali pa kuegesha panahitaji kufikiriwa kuliko watu wanavyodhani. Hiace nyingi zina mlango mmoja wa pembeni wa kutelezesha, ulioko kushoto, na mlango wa nyuma unaofunguka kwa kunyanyuliwa juu. Ukilirudisha gari kinyumenyume hadi nyuma yake ibakize nafasi ya kiganja kutoka ukutani, mlango ule haunyanyuki. Na ukiuweka pia ubavu wa kushoto karibu na ukuta wa pili, mwizi anabakiwa na milango ya mbele na vioo, ambavyo viko upande unaoonekana. Taa ya sola inayowaka yenyewe mtu anapopita husaidia, hasa umeme unapokatika. Kumbuka pia kwamba mvua ya masika ikipiga mabati usiku, hata mlinzi aliye macho hasikii kioo kikivunjwa, na katika baridi ya Julai mlinzi wa Arusha aliyejifunika shuka mbili si wa kutegemewa peke yake.

Mchana hatari ni ya namna nyingine. Siku moja niliegesha kando ya Barabara ya Sokoine, nikaingia dukani kununua soketi nne, na nikabonyeza rimoti nikiwa nimekwisha kugeuka. Niliporudi mlango ulikuwa wazi na grainda haipo, wala hapakuwa na kioo kilichovunjwa. Tangu siku hiyo navuta kitasa kwa mkono kila ninapofunga, kwa sababu rimoti inaweza kuzuiwa na kifaa cha kuvuruga mawimbi, au mlango mmoja ukawa haujashika vizuri.

Vifaa visivyoweza kushushwa kila siku vijengewe sanduku la chuma ndani ya gari. Mchomeleaji wa mtaani kwako anaweza kulitengeneza, lakini msimamie katika mambo matatu. Boliti zipenye sakafu na zishikwe chini na vipande vya chuma kinene, kwa kuwa bati la sakafu peke yake huchanika likivutwa kwa mtaimbo. Kufuli likae ndani ya kikombe cha chuma, ili mkasi wa kukatia vyuma usipate pa kushika shingo yake. Mwisho, kabla ya kuchomelea chochote kwenye bodi, betri ya gari ifunguliwe na tenki la mafuta lijulikane lilipo, maana kuunguza mifumo ya umeme ya gari ni hasara inayoweza kuzidi wizi wenyewe. Sanduku la namna hii linaweza kufunguliwa, ila kwa muda mrefu na kelele nyingi, vitu ambavyo mwizi havipendi.

Kuhusu alama, chonga jina la ukoo au herufi zako kwenye chuma au plastiki ngumu ya kila kifaa, mahali pawili, pamoja na pale ambapo hapaonekani bila kufungua kifuniko. Rangi hukwanguliwa kwa dakika chache. Piga picha ya kifaa na namba yake ya kiwandani, na picha ya risiti ya EFD kabla wino haujafifia, kisha uzihifadhi mahali pengine zaidi ya simu moja. Kila jioni, mbele ya vijana wa kazi, hesabu vifaa vikirudi garini. Wanaokuheshimu hawatachukia, na kifaa kilichosahaulika saiti kitajulikana kabla hujafika nyumbani.

Kwa upande wa bima, ile ndogo hulipa madhara unayomsababishia mtu mwingine, na hata ile kubwa huenda isihesabu vifaa kuwa sehemu ya gari. Uliza kabla ya kulipa, na upewe jibu kwa maandishi.

Ukiibiwa, usiliguse gari kabla ya kupiga picha, toa taarifa kituo cha polisi upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, kisha umjulishe mwenyekiti wa mtaa. Baada ya hapo peleka picha na namba za kiwandani kwa wauza vifaa vilivyotumika unaowafahamu, ukiwaeleza kwa upole kwamba RB ipo tayari, kwani kupokea mali ya wizi kwa kujua ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Ukikiona kifaa chako mezani, usikinyakue. Piga 112 au urudi na askari.