SOMO: Picha itokee vizuri ukituma linki ya tovuti yako WhatsApp na Facebook

Habari za leo wakuu. Swali hili nimelijibu inboksi mpaka basi, hasa kwa wenzangu wa Kigoma wanaouza mawese na dagaa mtandaoni. Naliweka hapa mara moja.

1. Picha iwe na upana wa pikseli 1200 na urefu 630, JPG au PNG. SVG achana nayo.

2. Ipunguze uzito, isizidi KB 300. Facebook inapokea hadi MB 8, lakini WhatsApp picha nzito inaweza kuiruka kabisa, na wateja wetu wako huko.

3. Bidhaa ikae katikati, maana wakati mwingine picha hukatwa mraba. Dumu la mawese likikaa pembeni linabaki nusu.

4. Ndani ya <head>, yaani sehemu ya juu ya msimbo wa ukurasa wako, weka mstari huu unaotaja picha:

<meta property="og:image" content="https://anwani-ya-tovuti/picha/mawese.jpg">

Hapa ndipo wengi wanakwama, someni taratibu. Anwani iandikwe nzima, kuanzia https. Ukiandika /picha/mawese.jpg peke yake, roboti wa mitandao (programu inayosoma ukurasa wako kutafuta picha) anaweza kushindwa kuipata. Pia wengi wa roboti hawa hawaendeshi JavaScript (msimbo unaofanya kazi ukurasa ukishafunguka), kwa hiyo mstari huo utoke kwenye seva ukiwa tayari. Fungua chanzo cha ukurasa, yaani msimbo wake, tafuta og:image. Usipouona hapo, nao hawauoni.

5. Ukibadilisha picha, badilisha na jina la faili, la sivyo ya zamani itaendelea kutokea. Kisha pitisha linki kwenye Sharing Debugger, zana ya Facebook ya kukagua linki, ubonyeze Scrape Again ili iisome upya.

Mgeni_Ujiji: Mkuu yangu haitokei, msaada

Mleta somo: Haitokei wapi? Rudia hatua ya 4, halafu weka linki hapa.

Mgeni_Ujiji: Nimesoma lakini haitokei

Mleta somo: Linki hujaweka. Siwezi kukisia.

Mama Mawese: Samahani kaka, natumia WordPress. Na mbona wateja wakifowadi tangazo langu inatoka picha ya zamani?

Mleta somo: Umeuliza vizuri dada. Weka plagini (programu ya nyongeza) ya Yoast SEO, ina sehemu ya kuchagua picha ya mitandao. Kuhusu kufowadi: WhatsApp huivuta picha kwenye simu ya anayetuma, kisha inasafiri pamoja na ujumbe. Ujumbe wa zamani haubadiliki, tuma mpya. Na mtandao ukiwa mzito usiwahi kubonyeza. Subiri picha itokee juu ya unapoandika, vinginevyo linki inakwenda kavu.

Mwaloni_Kibirizi: Nyongeza: dagaa wapigeni picha asubuhi wakiwa kwenye chanja. Jua la saa saba linawafanya weupe tupu.

Mleta somo: Kweli kabisa. Na bei msiiandike juu ya picha. Dagaa wakipanda, mtabaki na bei ya zamani kwenye magrupu yote.