Kabla ya Kulala Mezani: Jinsi ya Kujiandaa kwa Kipimo cha Mishipa ya Damu ya Ubongo

Daktari anapoagiza mgonjwa apigwe picha ya mishipa ya damu ya ubongo, agizo hilo linaweza kuwa la CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta), MRI (picha za mashine ya sumaku), angiografia ya katheta (picha zinazopigwa kupitia mrija ulioingizwa mshipani) au altrasaundi (kipimo cha mawimbi ya sauti). Maandalizi na hatari za vipimo hivi hazifanani, kwa hiyo kabla ya kutafuta fedha na usafiri, uliza ni kipimo kipi na kinatafuta nini. Ila mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakigoma kutoka, usiulize chochote: kimbilia hospitali, kwa kuwa pale wanaposhuku kiharusi, madaktari hawangoji hata majibu ya figo ndipo wapige picha.

Kipimo kinachotumika zaidi ni CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa. Dawa hiyo ina iodini, yaani yale madini joto yanayotiwa kwenye chumvi, na inasukumwa na mashine kwa kasi ya mililita 4 au 5 kwa sekunde ili picha ichukuliwe wakati damu iliyochanganyika nayo inapita kichwani. Kwa sababu ya kasi hiyo kanula, yaani kimrija cha kupitishia dawa, huwekwa kwenye mshipa mnene wa mbele ya kiwiko, na ukisikia pale ilipochomwa panauma au panavimba, sema papo hapo bila kuona haya, kwa maana huenda dawa inavujia kwenye nyama. Usichanganye maumivu hayo na joto linaloshuka kutoka kooni hadi kwenye nyonga, ambalo humfanya mtu adhani amejikojolea. Hali hiyo ni ya kawaida na hupita baada ya muda mfupi, lakini asiyeambiwa mapema hushtuka, hutikisa kichwa, na picha ikaharibika.

Usalama wa kipimo hiki hutegemea sana unachosema kabla ya sindano. Taja ikiwa uliwahi kupata vipele, kuvimba uso au kubanwa kifua baada ya dawa kama hiyo, maana hicho ndicho kiashiria kikubwa cha hatari. Taja pia pumu, maradhi ya figo na ujauzito, hata kama ni wa kushuku tu. Watu wengi wa pwani huogopa kwa kuwa kamba au kaa huwadhuru, wakidhani kosa ni la iodini. Ukweli ni kwamba kinachowadhuru ni protini ya nyama ya viumbe hao, na jambo hilo peke yake halimzuii mtu kupimwa. Mgonjwa wa kisukari anayetumia metformini, ikiwa figo zake zimedhoofika sana, huambiwa asiinywe siku ya kipimo na asiirudie mpaka saa 48 zipite na figo zipimwe tena. Asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani wengi ambao figo zao ni nzima hawahitaji kuiacha. Baada ya kipimo, kaa hospitalini walau nusu saa, hata kama dereva anakuharakisha.

MRI haitumii mionzi, na mara nyingi inaonyesha mishipa bila dawa yoyote, kwa kuwa inatambua mwendo wa damu yenyewe. Hatari yake ni sumaku, ambayo haizimwi hata chumba kikiwa kitupu. Mwenye betri ya moyo, au aliyewahi kuwekewa klipu ya upasuaji kichwani, lazima aseme na alete karatasi za kifaa hicho, na fundi wa kuchomelea aliyewahi kurukiwa na chembe ya chuma jichoni huenda akahitaji kupigwa eksirei kwanza. Hapa kwetu ningeongeza vitu ambavyo fomu nyingi hazivitaji: pini za ushungi, klipu za wigi, na hirizi yenye kasha la chuma iliyofungwa kiunoni chini ya nguo. Vivue vyote. Mashine hugonga kwa kelele, basi omba vizibo vya masikio.

Angiografia ya katheta ndiyo kongwe, kwani daktari Mreno Egas Moniz aliifanya Lisbon mwaka 1927, na bado ndiyo inayoonyesha mishipa kwa undani zaidi. Mrija mwembamba huingizwa kwenye kinena au kifundo cha mkono na kuongozwa hadi shingoni. Kwa kuwa mrija unaweza kung'oa kipande cha damu iliyoganda na kusababisha kiharusi, jambo ambalo mikononi mwa wazoefu huwapata wagonjwa wasiofikia 1 kati ya 100, ni haki yako kuuliza kama majibu yake yatabadilisha matibabu. Ikiwa hayatabadilisha, mimi nisingeikimbilia. Ukichomwa kinenani, utalala saa kadhaa mguu ukiwa umenyooka. Anayekuuguza aangalie kidonda kisivuje, aguse unyayo asikie kama umepoa kuliko mwenzake, na amwite muuguzi mara moja maneno yako yakianza kuvurugika.

Mtoto mwenye selimundu wa miaka 2 hadi 16 anafaa kupimwa kwa kipimo chepesi kuliko vyote, altrasaundi ya kichwani, ambayo haina sindano wala mionzi na hurudiwa kila mwaka. Kasi ya damu ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ya kiharusi ni kubwa, na matibabu ya kuongezewa damu mara kwa mara huanzishwa. Mtoto awe macho na ametulia, kwa sababu kulia au kusinzia hubadilisha kasi hiyo.

Usiondoke na ripoti ya maandishi peke yake. Omba na picha zenyewe kwenye CD, na kama dawa ilikudhuru, muuguzi aandike jina lake kwenye kadi yako, maana "ile dawa ya CT" haitamsaidia daktari atakayekupokea hospitali nyingine.