Bati Likaguliwe Kabla ya Masika

Kazi yangu ni kuezeka, hapa Tanga, na simu huanza kuita mvua ya kwanza ya masika ikishapiga. Wakati huo msaada wangu ni mdogo: bati limelowa, linateleza, na silikoni haishiki penye maji. Niite Januari au Februari jua likiwa kali. Au kagua mwenyewe, maana nusu ya kazi haihitaji hata kutoka nje.

Anzia darini, saa nne asubuhi kabla joto halijakushinda. Kanyaga kenchi tu, zile mbao kuu zinazobeba paa; silingi bodi haibebi mtu. Zima tochi, acha macho yazoee giza, na kila tundu litajitangaza kwa nuru yake. Piga alama ya chaki kwenye papi iliyo karibu, yaani mbao iliyopigiliwa bati. Kisha washa tochi utafute madoa meusi, unga wa mbao zilizobunguliwa na njia za udongo za mchwa. Choma mbao kwa bisibisi: ikizama bila ubishi, hiyo si ya kupakwa dawa, ni ya kubadilishwa.

Doa la kwenye silingi bodi usiliamini. Maji hupenya kule juu, yakatambaa na mbao hadi yapate kiungo au msumari, ndipo yakadondoka. Tafuta tundu upande wa juu wa mteremko.

Nje sasa, na hapa ndipo wengi hulionea bati. Mara nyingi kosa ni la misumari. Msumari hupigwa mgongoni mwa bati, si bondeni maji yanakopita, na chini ya kichwa chake kuna mpira. Jua huukausha ukapasuka. Bati nalo hutanuka mchana na kunywea usiku, kila siku ya Mungu, hadi msumari unalegea. Usiugonge tena palepale, tundu limeshapanuka. Ung'oe, weka skrubu yenye mpira, nene kuliko msumari ule, uikaze mpaka mpira ukae. Ukichomoza pembeni umezidisha.

Fundi wa dishi naye mchunguze. Hutoboa anapopaona pepesi, akaacha vumbi la chuma juu ya bati, na vumbi hilo huota kutu kwa mvua moja.

Tazama pia kofia ya paa, mahali bati linapokutana na ukuta, na gata. Majani ya mwembe yaliyolundikana hushika unyevu na kulila bati taratibu, kwa hiyo yafagie mara kwa mara.

Kwa nyumba za Raskazone na kwingineko karibu na bahari, adui ni chumvi. Ajabu yake, kutu huanza chini ya ukingo wa paa, mahali mvua haifiki kuiosha. Pamwagie maji baridi ya bomba. Kutu ikiwa bado ya juujuu, isugue kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, ndipo rangi ya juu. Ukinunua bati jipya, kumbuka geji 32 ni jembamba kuliko geji 28, ingawa namba ni kubwa.

Kuziba tundu kwa lami sikupendi. Inaficha tundu, na chini yake kutu inaendelea na kazi.

Ukipanda, bati liwe kavu kabisa, hata umande usiwepo, na ukae mbali na waya wa umeme unaoingia nyumbani. Ngazi ya mita 4 kwenda juu, mguu wake utoke ukutani mita 1. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, ndipo papi ilipo. Paa la asbesto usilipande, usilisugue wala kulitoboa. Vumbi lake huharibu mapafu.

Tundu likikushinda kuliona, tumia mpira wa maji. Mtu mmoja abaki darini na tochi, mwingine amwagie paa kuanzia chini, dakika kadhaa kila sehemu, akipanda kidogo kidogo. Ukianzia juu, maji yatateremka kote na hutajua yameingilia wapi. Wa darini akipiga kelele, funga bomba, piga alama, acha pakauke hadi kesho ndipo uzibe.