Somo: Mazoezi ya mwenye duka na fundi cherehani

Somo hili ni la wale wanaofungua duka alfajiri na kufunga saa nne usiku, pamoja na mafundi wanaoinamia kitambaa mpaka shingo inagoma. Kumwambia mtu wa namna hiyo aende gym jioni ni kumdhihaki, maana jioni ndiyo biashara yenyewe. Tutafanya palepale kwenye kaunta, na nguo ulizovaa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na misuli mikubwa itumikishwe siku 2 au zaidi. Zamani dakika zisizofika 10 mfululizo zilikuwa hazihesabiki. Sharti hilo limeondolewa, kwa hiyo dakika 3 kati ya mteja na mteja nazo zimo.

Hatua ya 1: Achana na stuli. Usijidanganye kwamba utakumbuka kusimama. Ipange kazi ikusimamishe. Sukari, unga na mchele, vile vinavyotoka sana, viweke mbali na ulipokaa. Fundi, pasi ikae meza ya pili, uifuate kila mshono.

Hatua ya 2: Kaa-simama. Ukiwa na muda wa zoezi moja tu, chukua hili. Tafuta kiti kigumu, kiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa nusu ya mbele, nyayo zote chini kwa upana wa mabega, visigino vikiwa nyuma ya magoti kidogo. Kunja mikono kifuani. Inamisha kifua mbele, kandamiza visigino, simama huku ukitoa pumzi. Sasa kushuka, ambako ndiko kwenye kazi: hesabu moja mpaka tatu polepole, makalio yaguse kiti bila kujibwaga. Magoti yafuate uelekeo wa vidole vya miguu, yasiingie ndani. Fanya mara 8, pumzika, rudia. Wengi hupanda vizuri kisha wanajitupa kama gunia, na nusu ya faida inapotea hapo.

Hatua ya 3: Pushapu za kaunta. Viganja ukingoni, rudi nyuma hatua mbili, mwili unyooke toka kichwani hadi kisiginoni, shusha kifua, sukuma. Kaunta ya kioo usiiguse! Tumia ukuta.

Hatua ya 4: Nyanyua visigino. Ukisubiri mteja ahesabu chenji, panda juu ya vidole, shuka. Misuli ya mashavu ya miguu husaidia kuisukuma damu irudi moyoni. Ikikaa bure kutwa, jioni viatu vinabana.

Hatua ya 5: Tembea. Safari ya duka la jumla iende kwa miguu, mzigo utakuja na guta. Mwendo uwe ule wa kuweza kuongea lakini kuimba kukushinde.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mimi ni mama yako, nina miaka 61 na magoti yananiuma. Hiyo kaa-simama nitaiweza?

Jibu: Shikamoo mama. Utaiweza, ila weka mto kwenye kiti ili usishuke chini sana, na shika meza mkono mmoja. Maumivu kidogo yanayoisha mapema si tatizo. Goti likivimba au likiuma zaidi kesho yake, punguza idadi, na likiendelea kaonane na daktari.

Swali: Kaka, natumia cherehani ya kukanyaga kutwa. Si mazoezi hayo?

Jibu: Kifundo cha mguu kinafanya kazi, sikatai. Mapaja, makalio na mgongo vimelala. Hatua ya 2 inakuhusu wewe hasa.

Swali: Nataka kitambi tu kiondoke. Nipige sit-up ngapi?

Jibu: Hakuna zoezi linaloyeyusha mafuta ya tumboni peke yake. Anza na ile soda ya mchana: chupa ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, yaani vijiko vya chai 7 au zaidi.

Swali: Mwezi wa Ramadhani je?

Jibu: Kaa-simama na pushapu zisogeze baada ya futari, chakula kikishatulia. Mchana simama na kutembea kidogo, inatosha. Mwenye kisukari anayetumia dawa azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama.

Swali: Nina presha, natumia dawa. Nianze lini?

Jibu: Ikiwa imetulia kwa dawa, anza leo na kutembea, na dawa usiache. Kwenye pushapu usibane pumzi, maana hapo presha hupanda ghafla. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija au pumzi ikikata isivyo kawaida, acha hapohapo uende hospitali siku hiyohiyo, hata kama duka litabaki limefungwa.