Kabla Hujaianza Ballade ya Kwanza ya Chopin

Wengi huipima Ballade namba 1, kipande cha piano cha mtunzi Chopin (Op. 23, iliyochapishwa 1836), kwa kurasa zake za mwanzo, na kurasa hizo zinadanganya. Mwendo ni wa wastani, mkono wa kulia unaimba, wa kushoto unaitikia, na mpigaji mwenye uzoefu wa kati hujiona amefika. Ugumu wenyewe umewekwa mwishoni. Kuanzia kipimo cha 208 hadi cha 264 (kipimo ni sehemu fupi ya muziki kati ya mistari miwili ya wima) Chopin anataka Presto con fuoco, yaani haraka sana na kwa moto, na unafika hapo ukiwa umeshapiga kwa dakika kadhaa bila kupumzika.

Kwa hiyo anza kwa kufungua koda, yaani sehemu hiyo ya mwisho. Chukua vipimo vinne vyake vya kwanza, uvipige polepole, mkono mmoja mmoja. Uangalie hasa mkono wa kushoto: unagusa besi, unaruka juu kukamata kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja), unarudi chini, tena na tena. Kama baada ya wiki mbili tatu kifundo cha mkono bado kinakakamaa hata kwa nusu ya kasi, kipande hiki kisubiri. Si aibu. Etyudi (vipande vya kujenga ufundi) chache za Chopin na sonata (kipande kirefu chenye sehemu kadhaa) nzima ya Beethoven zitakujenga zaidi kuliko kung'ang'ania. Wachapishaji G. Henle wa Ujerumani hupanga ugumu wa vipande kwa ngazi 1 hadi 9, na ngazi hizo zinasaidia, ila namba moja haikuambii ugumu uko ukurasa gani.

Halafu chombo. Kinanda cha vibonyezo 61, kama vile vya makanisa yetu mengi, hakitoshi: besi za Ballade hii zinashuka chini ya kibonyezo chake cha mwisho. Tena vibonyezo vyepesi havizoeshi mkono uzito wa piano. Kama nyumbani hakuna piano, tafuta kwanza mahali utakapoipata mara kwa mara, iwe shuleni au kwa mwalimu.

Ukishaamua, jifunze kuanzia mwisho. Igawe koda vipimo viwili viwili, na kila kipande kiishie kwenye nota ya kwanza ya kinachofuata, la sivyo maungio yatakatika. Chagua vidole mapema, uviandike kwa penseli, usivibadilishe ovyo. Kasi ya metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo) ipande pale tu mkono unapobaki mlegevu. Karibu na mwisho kabisa zipo oktava (nota mbili za jina moja, ya chini na ya juu, zikipigwa pamoja) ambapo mikono inakwenda pande zinazopingana. Macho hayawezi kufuata yote miwili, basi mkono mmoja uufundishe kwenda bila kutazamwa.

Kipimo cha 106, dhamira ya pili (wimbo mkuu wa pili wa kipande) inaporudi kwa nguvu katika ufunguo wa A meja, ndipo wengi humaliza akiba yao. Nguvu itoke begani, si kwenye vidole. Baadaye zoea kupiga kutoka hapo hadi mwisho bila kusimama, ili ujue koda inavyokuwa mkononi ukiwa umechoka. Usiipige kwa kasi kamili kila siku.

Inasimuliwa kwamba Chopin mwenyewe hakupenda wanafunzi wake wafanye mazoezi kupita masaa 3 kwa siku. Kigasha kikianza kuwaka, funga piano siku hiyo hata kama saa nzima haijaisha, na kesho yake muoneshe mwalimu ni kipimo gani kilichokuumiza.